Binti Mfalme Magogo: Aliyerithi Nyimbo za Nyanya Zake

Mpenzi msomaji, mtu hachagui jina lake. Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipogawa majina ya watu ambao tungeandika wasifu wao kwa ajili ya jarida hili, wenzangu walipata majina ya kujaza mdomo. Mmoja alipewa Mekatilili wa Menza. Mwingine alipewa Siti binti Saad. Mimi nikapewa kikaratasi kilichoandikwa neno moja tu: Magogo.

Darasa zima liliangua kicheko. Kuna aliyeuliza kama nitaandika maisha ya kuni za jikoni. Mwingine akataka kujua kama magogo yenyewe ni ya mkaratusi au ya mwarobaini. Nilicheka nao, lakini moyoni nilinuna. Saa ya mapumziko nikaenda ofisini kuomba nibadilishiwe. Mwalimu alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akanieleza kwa upole kwamba huyo niliyekuwa ninamkataa ni mwanamke aliyetungiwa opera nzima, na kwamba opera hiyo haiimbwi kwa Kiitaliano wala kwa Kijerumani, bali kwa Kizulu, ambayo ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili chetu. Nikarudi darasani na kikaratasi changu, kimya kama maji ya mtungi.

Kwa wale wasiojua, opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Mwigizaji akikasirika anaimba, akipenda anaimba, hata akifa jukwaani anakata roho huku akiimba. Nyuma yake kuna okestra, na pembeni kuna kwaya. Tulizoea kufikiri kwamba mambo hayo ni ya Wazungu peke yao. Kumbe sivyo.

Basi nikaanza kazi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Jina lake kamili lilikuwa refu, lakini wengi walimwita Constance Magogo kaDinuzulu. Hiyo "ka" maana yake ni kwamba ni mtoto wa Dinuzulu, kama sisi tunavyosema binti Fulani. Alizaliwa mwaka wa 1900 katika nchi ya Wazulu, upande wa Nongoma, kaskazini ya jimbo ambalo leo linaitwa KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Baba yake, Dinuzulu, alikuwa mwana wa Mfalme Cetshwayo, yule ambaye jeshi lake liliwashinda Waingereza kule Isandlwana tarehe 22 Januari 1879. Ushindi huo haukudumu. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Waingereza walirudi na kuuteketeza mji mkuu wa Wazulu, Ulundi, na mfalme akashikwa na kupelekwa mbali na watu wake.

Kwa hiyo Magogo alizaliwa katika nyumba ya kifalme, lakini ufalme wenyewe ulikuwa kama nyumba iliyoezuliwa paa. Baba yake naye alikuwa ameonja uhamisho. Baada ya kupinga utawala wa Waingereza mwaka wa 1888, Dinuzulu alihukumiwa na kupelekwa katika kisiwa cha St Helena, kilekile walichomfungia Napoleon zamani. Aliporudi nyumbani mwaka wa 1898 hakurudishiwa ufalme wa babake. Magogo alizaliwa miaka miwili baadaye.

Mkosi haukuishia hapo. Mwaka wa 1906 kukazuka vita vya Bambatha, vilivyochochewa na kodi ya kichwa ambayo serikali ya Natal iliwatoza vijana wa Kiafrika. Dinuzulu alidhaniwa kuwa ameshiriki. Akakamatwa mwishoni mwa mwaka wa 1907, akashtakiwa na kufungwa. Mwaka wa 1910, Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa, alitolewa gerezani, lakini hakuruhusiwa kurudi kwao. Alipelekwa kuishi katika shamba huko Transvaal, na huko ndiko alikofia mwaka wa 1913. Hebu hesabu pamoja nami, msomaji. Baba alipokamatwa, Magogo alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Baba alipozikwa, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, umri ambao wengi wetu tulikuwa bado darasa la saba au la nane tukisumbuana na hesabu za sehemu.

Je, mtoto kama huyo alirithi nini? Ardhi ilikuwa imechukuliwa. Kiti cha enzi hakikutambuliwa tena na serikali. Mali haikuwa kitu. Lakini katika boma lile walikuwamo wanawake wazee, wajane wa Mfalme Cetshwayo, ambao kwake walikuwa nyanya. Wazee hao walikuwa na hazina ambayo askari hawakuweza kuichoma. Walijua nyimbo. Walijua bembelezi, nyimbo za mapenzi, nyimbo za harusi, nyimbo za vita, na sifo za wafalme waliotangulia. Magogo alikaa miguuni pao, akasikiliza, akashika. Hakukuwa na daftari wala kinasa sauti. Kichwa chake ndicho kilichokuwa daftari.

Wazee hao pia walimfundisha kupiga ugubhu. Hapa nisimame kidogo nieleze, kwa sababu ala hii ilinifurahisha sana. Ugubhu ni upinde, tena mrefu karibu kumfikia mtu kimo, wenye uzi mmoja tu. Karibu na ncha ya chini kumefungwa kibuyu kilichotobolewa tundu la mviringo. Mpigaji huushika upinde wima mbele yake, tundu la kibuyu likielekea mwilini, kisha huugonga uzi kwa kijiti chembamba cha nyasi kavu. Akiubana uzi kwa vidole, sauti hupanda kidogo. Akilisogeza tundu la kibuyu karibu na kifua au kuliondoa, sauti nyingine nyembamba husikika juu ya ile ya kwanza, kama mwangwi. Halafu juu ya hayo yote mpigaji huimba. Mtu mmoja, uzi mmoja, na bado unasikia kana kwamba wako watatu. Iko na ala nyingine ya jamaa hiyo, umakhweyana, ambayo uzi wake umefungwa kamba katikati ili utoe sauti mbili. Hiyo pia Magogo aliijua.

Wakati huo huo, dunia ilikuwa inabadilika mbio. Vijana wa Kizulu walikwenda kufanya kazi migodini na mijini, wakarudi na magitaa na vinanda vya mkono. Ugubhu ukaanza kuonekana kitu cha kishamba. Wapigaji wakapungua mmoja mmoja. Magogo hakuuweka chini.

Sasa nafika pahali ambapo chama chetu kilibishana hadi kengele ya chakula ikalia bila mtu kusikia. Baada ya Dinuzulu kufa, kiongozi wa ukoo alikuwa Solomon, kaka yake Magogo. Solomon alitaka kuuinua tena umoja wa Wazulu, na moja ya koo kubwa ilikuwa ya Buthelezi. Zamani Mnyamana Buthelezi alikuwa waziri mkuu wa Mfalme Cetshwayo, lakini baadaye uhusiano wa koo hizo mbili uliingia nyufa. Solomon akaamua kuziba nyufa hizo kwa ndoa. Mwaka wa 1926, Magogo aliozwa kwa Mathole Buthelezi, mjukuu wa Mnyamana. Magogo alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita hivi. Alikwenda kuwa mke wa kumi.

Wasichana wa chama walichemka. Walisema kwamba huyu si wa kusifiwa, ni wa kuhurumiwa, kwa kuwa alitolewa kama daraja la watu wengine kupitia. Wavulana wawili watatu walisema kwamba zama zile zilikuwa zama zile, na kwamba kwa cheo chake alifanywa mke mkuu, si mke wa kumi wa kukaa pembeni. Mwalimu alitukumbusha kwamba mwandishi wa wasifu hapaswi kumpaka mtu rangi ya dhahabu, wala hapaswi kumpaka matope. Kazi yake ni kueleza. Kwa hiyo mimi naeleza tu: aliyeamua ni kaka, na aliyekwenda ni dada. Nikiulizwa maoni yangu, nitasema jambo hilo lilikuwa zito na halifai kufichwa. Hata hivyo nitaongeza kwamba Magogo hakuacha sauti yake mlangoni. Alikwenda nayo.

Hilo si jambo dogo. Mara ngapi tumeona mwanamke aliyekuwa na kipawa, akiolewa kipawa kinafungiwa kabatini pamoja na nguo za usichana? Magogo aliendelea kuimba na kupiga upinde wake akiwa mke, akiwa mama, na baada ya Mathole kufa mwaka wa 1942, akiwa mjane. Alitunga nyimbo zake mwenyewe. Alikuwa Mkristo wa Kianglikana na aliimba nyimbo za kanisani, lakini dini haikumfanya azitupe nyimbo za nyanya zake. Isitoshe, alighani sifo za wafalme, kazi ambayo kwa Wazulu ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Hapo ndipo nilipompenda zaidi. Aliyekuwa amepangiwa maisha na wengine alijipangia mahali pa kusimama.

Mwaka wa 1928 alimzaa Mangosuthu Buthelezi, ambaye baadaye alikuwa mwanasiasa mashuhuri, mwanzilishi wa chama cha Inkatha mwaka wa 1975, na waziri wa mambo ya ndani katika serikali ya Nelson Mandela kuanzia 1994. Mangosuthu alifariki mwaka wa 2023 akiwa na miaka 95. Mambo ya siasa zake ni marefu na yana mabishano yake, kwa hiyo nitayapita kama gari la moshi linavyopita stesheni ndogo. Ninayemfuata hapa ni mama.

Habari za mama huyu aliyejua nyimbo za kale zilienea. Wataalamu wa muziki wakaanza kubisha hodi. Hugh Tracey, ambaye alizunguka Afrika nyingi akinasa muziki wa wenyeji, hata wa huku kwetu Kenya, alimnasa sauti na nyimbo zake zikatolewa katika santuri. David Rycroft, mtaalamu wa lugha na muziki, naye alimnasa, akakaa akizichambua nyimbo zile noti kwa noti, na katika miaka ya 1970 akachapisha maelezo yake. Mzee huyu ambaye alijifunza bila kalamu sasa aliandikwa kwa kalamu za watu wengine. Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari hadi Bombay mwaka wa 1928 ili sauti yake iingie katika santuri. Magogo alifuatwa nyumbani kwake. Njia tofauti, lakini matokeo mamoja: sauti ya mwanamke wa Kiafrika iliponea chupuchupu kupotea.

Magogo alifariki mwaka wa 1984. Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya ubaguzi wa rangi. Hakuiona nchi huru, na hakuwahi kuona jina lake likiandikwa juu ya mlango wa ukumbi wa opera.

Hilo lilitokea mwaka wa 2002. Mwezi wa Mei mwaka huo, mjini Durban, pazia lilifunguliwa kwa opera iliyoitwa kwa jina lake, Princess Magogo kaDinuzulu. Inahesabiwa kuwa opera kamili ya kwanza ya Kizulu. Aliyeitunga ni Mzilikazi Khumalo, na wanachama wenzangu tafadhali sikilizeni vizuri hapa: huyu alikuwa profesa wa lugha za Kiafrika. Maneno yaliandikwa na Themba Msimang, naye pia msomi wa Kizulu. Michael Hankinson ndiye aliyeupanga muziki kwa ajili ya okestra. Kwa hiyo opera hii haikusubiri watu wa mbali. Ilitoka mikononi mwa watu wa lugha, watu kama walimu wetu wa Kiswahili. Hadithi yake imefungwa katika maisha yaleyale niliyowaeleza: usichana, wazee na nyimbo zao, ndoa iliyopangwa, moyo ukivuta huku na ukoo ukivuta kule. Mwaka wa 2004 ikavuka bahari hadi Marekani, ikaimbwa katika tamasha la Ravinia karibu na Chicago.

Aliyeimba kama Magogo ni Sibongile Khumalo, mwimbaji aliyezaliwa Soweto mwaka wa 1957. Usidhani alikuwa binti wa mtunzi kwa sababu ya jina. Baba yake aliitwa Khabi Mngoma, mwalimu mkubwa wa muziki aliyefundisha Chuo Kikuu cha Zululand. Sibongile alipokuwa msichana, baba yake alimpeleka kwa Binti Mfalme Magogo, akamwambia akae chini asikilize. Akakaa. Mzee akapiga upinde wake, akaimba. Sibongile alikuja kueleza kwamba siku ile hakuelewa kwa nini baba alimpeleka pale. Alielewa miaka mingi baadaye, aliposimama jukwaani amevaa shanga za kifalme na sauti ya mzee yule ikiwa imo ndani yake. Sibongile Khumalo na Mzilikazi Khumalo wote wawili walifariki mwaka mmoja, 2021.

Niliposoma habari hizo za msichana aliyekalishwa chini bila kuelewa, niliweka kalamu mezani. Nilijiona.

Mimi ni wa Taita. Nyanya yangu, mama yake baba, ndiye aliyenilea mpaka nikaingia darasa la kwanza. Alikuwa na wimbo wa kila kitu: wa kubembeleza mtoto, wa kutwanga, wa kumsindikiza bi harusi, hata wa kumsema jirani mchoyo bila kumtaja. Nilipopanda kidato cha kwanza nilianza kumwonea haya. Wageni wakija naye akianza kuimba, nilijifanya nina kazi jikoni. Likizo moja aliniita nikae karibu anifundishe wimbo wa mavuno. Nilitia vidude vya muziki masikioni nikamwambia nyanya, kesho. Kesho hiyo ilichukua mwaka mmoja na nusu.

Likizo ya Agosti iliyopita, kwa sababu ya wasifu huu, nilirudi kwake na daftari na simu ya mama. Nyanya alifurahi mpaka akavaa leso mpya. Lakini tangu augue, kumbukumbu zake zinakatika kama umeme wa kwetu. Anaanza vizuri, kisha anasimama, ananitazama kama kwamba mimi ndimi niliye na ubeti unaofuata. Katika wiki tatu nilipata nyimbo nne kamili. Ule wa mavuno nilipata nusu yake. Nimewauliza shangazi zangu wote, nimemuuliza hata mzee wa kanisa. Hakuna anayeijua nusu ya pili. Nusu hiyo ilikuwa pale, siku ile, ikinisubiri nitoe vile vidude masikioni.

Mpenzi msomaji, sisemi kwamba nyanya yangu atatungiwa opera. Hata hivyo, opera ya Durban ilianzia mbali na Durban. Ilianza ndani ya boma la watu walioshindwa, pale mtoto mmoja alipokubali kukaa chini na vikongwe wake. Kama Magogo angejifanya ana kazi jikoni kama mimi, Tracey na Rycroft wangekuja na vyombo vyao wakakuta kimya, na Profesa Khumalo asingekuwa na la kutunga. Mla mbegu hana akiba.

Baada ya kifo chake Afrika Kusini ilimpa Magogo nishani ya Ikhamanga, ambayo hupewa watu waliofanya makubwa katika sanaa, fasihi, muziki na michezo. Ni heshima anayostahili. Lakini nadhani mwenyewe angefurahi zaidi kusikia mtoto mahali fulani anaimba.

Nimepeleka ombi kwa mlezi wa chama, naye amekubali. Likizo ya Desemba, kila mwanachama arudi na wimbo mmoja wa mzee wa kwao, katika lugha yoyote ile, na maelezo yake kwa Kiswahili. Muhula wa kwanza tutavisoma na kuviimba vyote ukumbini, na tukiweza tutaviunganisha kuwa mchezo wa kuimba. Mimi nitaleta ule wa mavuno, nusu yake. Nitauimba hadi pale unapokatikia, kisha nitanyamaza, ili kila mmoja asikie ukimya wenyewe una urefu gani.

Na wale waliocheka kikaratasi changu nimewasamehe. Sasa wao ndio wanaoniuliza kila siku nimefika wapi na Magogo.